UZI: Siku moja ya kayaki na baiskeli za umeme pande za Entebbe. Maji kwanza au barabara kwanza?

MwaloWaMagharibi (mwanzisha uzi)

Wandugu, swali hili linarudi kila mara kwenye nyuzi nyingine, basi tulimalize hapa. Wanaotaka kuongoza wageni kwa siku nzima, nusu kayaki nusu baiskeli, wengi wanapanga baiskeli asubuhi kwa sababu kuna ubaridi, na kayaki jioni kwa sababu ya picha za machweo. Mpango huo umesimama kichwa chini.

Ziwa Viktoria lina kilomita za mraba zipatazo 68,800. Maji mengi hivyo hayapoi upesi usiku kama nchi kavu inavyopoa, kwa hiyo usiku upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani. Mchana ardhi ikishapata moto mambo yanageuka, upepo unatoka ziwani kuja kwetu. Sisi tuko kaskazini mwa ziwa, maana yake kuanzia saa tano hivi upepo unaanza kusukuma kutoka kusini, na ikifika saa nane au tisa mawimbi ni mafupi, yamesimama wima, yanafuatana bila nafasi. Mtu aliyeshika kafi kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo hawezi kuyamudu. Baiskeli yenye mota haijali upepo wala uchovu wa mabega.

Kwa hiyo ratiba yangu ni hii. Saa 1:15 asubuhi watu wakutane mwaloni, pale ufukweni wanapotua wavuvi. Mafunzo nchi kavu nusu saa. Saa 2 majini, saa 4 na robo kila mtu awe nje. Chai, rolex (chapati iliyokunjwa na mayai), kubadili nguo. Saa 5 baiskeli, kwa mwendo wa kupumzika njiani na chakula cha mchana, mpaka saa 9.

Kwa kayaki nachagua upande wa magharibi wa rasi ya Entebbe, ghuba ya Nakiwogo. Rasi yenyewe inakinga upepo wa kusini-mashariki, ambao kati ya Juni na Agosti ni mkali. Upande wa mashariki uko wazi, wimbi linakuja kutoka mbali. Anayepinga aje.

Nyabo_Kafi

Kwa jumla uko sawa, ila umeruka jambo moja, ssebo. Huo upepo wa usiku unakutana katikati ya ziwa na kuinua mawingu. Radi nyingi za ziwa hili huzaliwa usiku na alfajiri, na baadhi husogezwa kuja ufukwe wetu wakati uleule unaotaka watu wawe majini. Msimu wa Machi hadi Mei, asubuhi za Entebbe zenye ngurumo si ajabu hata kidogo. Ukisema "maji kwanza" bila sharti, mtu ataichukua kama sheria na kuingia chini ya wingu jeusi.

MwaloWaMagharibi

Nakubali, sharti liandikwe. Ukiona umeme unamulika, hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo. Sauti husafiri kilomita moja kwa sekunde tatu hivi, kwa hiyo sekunde 30 ni kilomita 10. Chini ya hapo hakuna anayeingia, na walioko majini wanatoka. Saa inaanza upya kila ngurumo, na dakika 30 za kimya ndizo zinazofungua ziwa tena. Kama saa 3 na nusu bado ngurumo inasikika, kayaki imekufa siku hiyo. Usiisogeze mchana. Mgeni aelezwe tangu siku ya kulipa kwamba ziwa linaweza kufutwa na baiskeli ikarefushwa, ili asije kubishana nawe ufukweni akiwa ameshavaa jaketi.

VoltiNaVumbi

Nizungumzie betri, maana huko ndiko waongozaji wengi wanadanganywa na maandishi ya dukani. "Kilomita 80" iliyoandikwa kwenye boksi ni ya mtu mwembamba kwenye lami tambarare, bila upepo.

Chukua betri ya volti 48 na ampea-saa 13. Zidisha, unapata wati-saa 624. Usihesabu zote, kwa sababu kontrola, kile kifaa kinachoongoza umeme wa mota, hukata umeme volti zikishuka karibu na 39 au 40, na betri iliyotumika muda haina tena uwezo wa siku ya kwanza. Hesabu 85 kwa mia, yaani kama 530. Kwenye marram (barabara ya udongo mwekundu wenye kokoto) yenye vilima, kwa msaada wa ngazi ya 2 au 3 na mtu anayekanyaga kweli, weka wati-saa 14 kwa kilomita. Hiyo ni kilomita 38 hivi. Sasa panga njia ya kilomita 28, si 38. Zilizobaki ni za yule atakayesahau kukanyaga na kukaa kwenye akselereta siku nzima, na katika kila kundi yupo.

Vilima vihesabiwe peke yake. Mtu, baiskeli na mkoba wake kilo 120, kuwapandisha mita 100 kwenda juu kunahitaji wati-saa 33. Mota haigeuzi umeme wote kuwa mwendo, kwa hiyo betri inatoa kama 44 endapo mpandaji hasaidii. Njia yenye jumla ya mita 400 za kupanda inakula wati-saa 175, theluthi ya betri, na bado hujaenda popote. Vilima vya Buganda ni vifupi lakini havikwishi, pima kwenye ramani yenye mistari ya mwinuko kabla ya kutangaza safari.

Betri ya 48 iliyojaa inasoma volti 54.6. Ya 36 inasoma 42. Pima kila betri kwa mita asubuhi, usiamini vijistari vya kwenye usukani. Ya 48 iliyojazwa usiku kucha ikisoma 52 au 53, ama umeme ulikatika, ama chaja imechoka, ama kuna seli zimeanza kufa. Hiyo apewe mwongozaji mwepesi, mgeni apewe nzima.

FundiWaKitoro

Na chaja ya ampea 2 inahitaji saa saba kujaza betri ya 13 iliyokwisha. Umeme ukikatika saa nne usiku ukarudi kumi na moja alfajiri, fanya hesabu mwenyewe. Waongozaji wajaze mchana wa siku iliyotangulia mpaka nusu, kisha wamalizie usiku mahali mtu yuko macho. Betri iliyotoka juani ikiwa ya moto ipumzike kwanza. Wala usizipange juu ya godoro au karibu na mlango wa kutokea, moto wa lithiamu hauzimwi kwa ndoo ya maji.

kasi_pole

Swali la mgeni. Nikija na baiskeli yangu ya umeme kwa ndege?

VoltiNaVumbi

Fremu itapita, betri haitapita. Mashirika ya ndege huishia wati-saa 160 kwa abiria, tena kwa idhini, na ya baiskeli ni mara tatu au nne ya hapo. Kodisha huku.

FundiWaKitoro

Sasa matatizo ya njiani. Kuu ni pancha ya nyuma kwenye mota ya kitovu, ile iliyo ndani ya gurudumu lenyewe. Watu wanaiogopa kwa sababu kuna waya umeingia kwenye ekseli. Fanya hivi.

Zima umeme na uchomoe betri kabisa. Geuza baiskeli, lakini weka kitambaa chini ya usukani ili usivunje skrini. Kagua tairi lote kwanza. Ukiuona msumari au mwiba ulipoingia, huna haja ya kutoa gurudumu: legeza upande mmoja wa tairi, vuta tyubu nje hapo penye tundu tu, kwangua, paka gundi, ngoja ikauke mpaka isishike kidole, bandika kiraka. Dakika kumi. Pancha nyingi zinaishia hapo.

Ikibidi kutoa gurudumu, kata vifungo vya plastiki vinavyoshika waya, tafuta soketi yake kwenye fremu, kawaida ina mishale miwili. Vuta moja kwa moja, usizungushe, vipini vya ndani ni vyembamba kama sindano. Nati za ekseli nyingi ni spana namba 18. Kumbuka mpangilio wa waya, vile vipete vya chuma vya nati (washa) na kile kipande cha chuma kinachozuia ekseli isizunguke, piga picha kwa simu. Wakati wa kurudisha, waya utokee chini, maji yasiteremke kuingia ndani ya mota, na nati zikazwe kweli, nyutoni-mita 35 hadi 40. Ekseli iliyolegea ikizunguka ndani ya fremu inakata waya wote mara moja, na hapo umepoteza mota kwa ajili ya nati.

Mkobani mwa mwongozaji wa nyuma: tyubu mbili za kila saizi iliyopo kwenye kundi, viraka, spana hiyo ya 18, funguo za alen, kifaa cha kukata cheni na viungo viwili vya kuungia, pedi za breki jozi mbili, mkono mmoja wa breki, vifungo vya plastiki, utepe wa umeme, fyuzi. Chagua tyubu zenye vali nene kama ya gari. Kila stejini kwa boda kuna pampu inayoingia humo, zile nyembamba za baiskeli za mbio hakuna atakayekusaidia.

Upepo wa tairi la inchi 2.2 kwenye marram: psi 30 mbele, 35 nyuma. Anayejaza 50 "ili liende haraka" atateleza kwenye kokoto za kona ya kwanza.

Nyabo_Kafi

Ongeza breki. Baiskeli hizi zina kilo 22 mpaka 28, na mteremko wa marram baada ya mvua ni sabuni. Wageni wafundishwe kupunguza mwendo kabla ya kona, breki zote mbili, ya mbele kwa vidole viwili. Na mota ikate mara breki inaposhikwa. Lijaribuni hilo kwa kila baiskeli nchi kavu: inua gurudumu la nyuma, bonyeza akselereta, gusa breki. Gurudumu likiendelea kusukumwa, kihisi cha breki kimeng'oka, baiskeli hiyo haitoki.

Haya, maji.

Kwa wageni wa mara ya kwanza tumia kayaki za kukalia juu. Zile ndefu za baharini zenye shimo la kukalia na sketi ya kuziba ni za watu waliokwisha fanya mazoezi ya kutoka zikiwa zimepinduka. Mtu aliyefungwa sketi leo asubuhi na hajui kuvuta kile kitanzi cha mbele, huyo usimpeleke popote.

Kabla ya kuingia, kila mtu anyanyuliwe kwa mabega ya jaketi. Likipanda mpaka masikioni, halijafungwa. Filimbi ifungwe kwenye jaketi. Kafi ya sentimita 230 inawatosha wengi kwa kayaki pana, warefu wapewe 240. Ishikwe mikono ikiwa imeachana kuliko mabega kidogo, nguvu itoke kiunoni. Anayevuta kwa mikono tu atachoka baada ya nusu saa na ndiye utakayemkokota. Kwenye kayaki ya watu wawili mzito akae nyuma na yeye ndiye anayeelekeza. Wa mbele anapiga mdundo tu. Wanandoa wabishane hayo ufukweni.

Kurudi juu baada ya kupinduka kufanyiwe mazoezi palepale, maji ya kifua. Geuza kayaki ikae sawa. Nenda katikati, si mwisho. Shika ukingo wa mbali, acha miguu ielee nyuma yako juu ya maji, piga mateke ukijivuta mpaka kitovu kiwe katikati ya kayaki. Jigeuze chali, makalio yaingie kitini, ndipo miguu ifuate. Wanaoshindwa huwa wamening'iniza miguu chini ya kayaki, ikawavuta. Mwongozaji asimame na kayaki yake sambamba, aegemee ile nyingine kwa uzito wake wote mpaka mtu akae.

Maji ya ziwa ni nyuzi 24 mpaka 26, kwa hiyo baridi haitaua mtu upesi. Kinachoua ni kuiacha kayaki na kuogelea kuelekea ufukweni unaoonekana karibu. Mkae na chombo.

MwaloWaMagharibi

Hapo pa kuacha chombo parudiwe mara tatu kwenye maelezo ya asubuhi.

Kuhusu mwendo: mgeni kwenye maji tulivu anakwenda kilomita 4 au 5 kwa saa. Saa mbili na mapumziko ni kilomita 6 hadi 7, si zaidi. Na anzeni kwa kwenda upande upepo unakotoka, hata kama bado ni mwepesi. Ukianza kwa kusukumwa, kurudi ndiko kutakakokukuta umechoka. Vichwa vyeupe vya mawimbi vikianza kuonekana nje ya ghuba, geuza kundi, usingoje vifike.

Viboko hurudi majini kunapopambazuka baada ya kulisha usiku, ndiyo maana hatuingii kabla jua halijapanda vizuri. Msipite kwenye vichochoro vya mafunjo, mkae mita 50 au zaidi kutoka ukingo wake, na msikatize kati ya kiboko na maji marefu. Kiboko aliyezibwa njia ya kina kirefu haogopi kayaki, anapita juu yake. Waulizeni wavuvi wa mwalo huo asubuhi hiyohiyo wamewaona wapi. Wao wanajua, na ukiwasalimia kwanza watakuambia.

Nyavu za usiku nazo bado ziko majini mapema. Tafuta madumu au chupa za plastiki zinazoelea kwa mstari. Pita nje ya mstari huo au mahali kamba imezama kabisa. Kafi ikinasa, acha kuvuta, rudi nyuma. Ni mali ya mtu.

ssebo_majani

Gugu maji hamjalitaja. Asubuhi mwalo uko wazi, saa nne upepo umeleta zulia zima na hampiti.

MwaloWaMagharibi

Kweli kabisa. Tena si zulia tu. Aprili 2020 kisiwa kinachoelea kiliziba mitambo ya Nalubaale kule Jinja, umeme ukazimika nchi nzima. Kwa hiyo chagueni mahali pawili pa kutokea, la pili liwe upande usiopokea upepo wa siku hiyo, na gari lenye baiskeli liweze kufika kote kuwili. Msijaribu kukanyaga juu ya gugu ili mfike nchi kavu. Mwaka huohuo ziwa lilipanda mpaka mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, likafunika fukwe nyingi. Zilipofunikwa bado kuna visiki, nguzo na mabaki ya kuta chini ya maji. Ingieni polepole mkiwa na mita 20 zilizobaki.

daktari_wa_kijiji

Kichocho. Msipite juu yake.

Konokono wanaokibeba wanakaa kwenye maji ya kina kifupi yenye majani, hasa karibu na mialo wanakoingia watu wengi. Vijidudu vinavyopenya ngozi hutoka kwa konokono kwa kuamshwa na mwanga, na hutoka kwa wingi zaidi kuelekea adhuhuri. Hii ni sababu nyingine ya kuunga mkono maji asubuhi, ingawa asubuhi haina kinga kamili. Kupenya kunachukua dakika chache tu. Kujisugua kwa taulo mara baada ya kutoka kunasaidia kidogo, kusitegemewe.

Kwa hiyo mazoezi ya kupinduka yafanyike mahali penye mchanga na maji yanayotembea, si kwenye majani. Waongozaji wanaoingia kila wiki wafuate ratiba ya kituo cha afya. Mgeni wa siku moja asimeze dawa jioni hiyohiyo akidhani amemaliza: prazikwanteli huua minyoo iliyokomaa, michanga inaponea. Apimwe au atibiwe wiki sita mpaka nane baadaye. Kipimo cha kawaida ni miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili, mtu wa kilo 70 ni miligramu 2,800, lakini aende kwa mhudumu wa afya apimiwe, asinunue kwa kukisia. Akipata homa, kikohozi na vipele vya kuwasha wiki chache baada ya safari, amwambie daktari wake wa huko kwao kwamba aliingia Ziwa Viktoria. Huko si rahisi wafikirie kichocho.

kasi_pole

Je, mtu aliyezoea kayaki za baharini, kule Mombasa au Kilifi, ajifunze nini kipya?

Nyabo_Kafi

Asahau jedwali la maji kujaa na kupwa. Kule wakati wa bamvua bahari hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na siku nzima hupangwa kwa hilo: unaingia mkondoni maji yakijaa, unaendesha baiskeli mchangani yakiwa yametoka. Huku hakuna kupwa kwa maana hiyo, saa yetu ni upepo na radi. Wimbi la huku ni fupi kuliko la bahari kuu, linapiga haraka, kwa hiyo kayaki ndefu inapigapiga pua. Maji yasiyo na chumvi yanaelesha mtu kidogo pungufu kuliko ya chumvi, jaketi linafidia.

FundiWaKitoro

Na baiskeli za pwani huliwa na chumvi, zetu huliwa na vumbi jekundu. Mafuta mazito ya cheni yakichanganyika na marram yanakuwa msasa. Tumia mepesi, futa ya ziada kwa kitambaa mpaka cheni iguswe bila kuchafua. Kuosha ni ndoo na brashi. Hiyo mashine ya presha ya kuoshea magari isilenge kitovu, skrini wala kitako cha betri.

mzee_wa_rasi

Ruhusa. Kiwanja cha ndege na Ikulu ya Entebbe viko kwenye rasi hiyohiyo. Msisogee kwa kayaki karibu na fukwe zao, msirushe droni, na kamera za kifuani zizimwe mnapopita karibu. Wanajeshi wa doria ya uvuvi waliingia ziwani 2017, na mkikutana nao jambo la kwanza wanalotazama ni majaketi. Mkisimamishwa, mwongozaji mmoja tu ndiye anayezungumza, "shikamoo afande" haijawahi kumdhuru mtu, karatasi na majina ya wageni yawe kwenye mfuko usioingiza maji. Barabara ya kulipia ya Kampala hairuhusu baiskeli wala boda, na ile ya zamani ina malori na taksi zinazosimama ghafla. Njia za ndani za Nkumba, au kuteremka Kigungu, zinatosha.

kasi_pole

Na kile kivuko cha Nakiwogo kwenda Buwaya, mtu akitaka njia ya kuelekea Kasanje na Mabamba?

VoltiNaVumbi

Njia nzuri kuliko zote hizo, ila inakula saa. Chombo hakikungoji, na kikichelewa ratiba ya saa 9 imekwenda. Ifanye siku ya watu wanne, si wanane, na betri ya akiba moja kwa kila baiskeli tatu, kwa sababu ng'ambo hakuna gari lenu. Kwenye kivuko chomoa betri, kila mtu abebe yake mkobani, baiskeli zilazwe upande usio na gia na zifungwe pamoja kwa kamba. Akselereta iliyogongwa na goti la abiria baiskeli ikiwa imewashwa itaipeleka majini pamoja na aliyeishika.

FundiWaKitoro

Na ufunguo wa kitako cha betri uwe na wa pili kwa mwongozaji. Huo mdogo ndio wa kwanza kupotea mifukoni mwa suruali yenye maji.